Cheni ya Akida Abdulatifu

Sifa ni mafuta ya papa, na harufu yake haihitaji mpiga mbiu. Mwahija aliinusa tangu kwenye kona ya msikiti, akajua baisikeli ya akida iko karibu. Hasira yake ikamtangulia kama mbuzi aliyekata kamba.

Baisikeli ilikuwa imelazwa barazani kwa Akida Abdulatifu, hapo Kilwa Kivinje, mwaka ule wa pamba ya lazima. Mjerumani mmoja alimwachia aliporudi kwao. Akida alizaliwa katika ukoo wa wenye vyombo vya baharini, na elimu yake ilikuwa moja tu: chombo huoshwa kwa maji ya bahari, kisha hupakwa sifa, mbao zisioze. Basi kila Ijumaa alimwamuru Pazi, mume wa Mwahija, aiburute baisikeli mpaka majini, aioshe, aipake sifa kutoka usukani hadi magurudumu.

"Bwana, hiki ni chuma," Pazi alisema mara moja.

"Chombo ni chombo," akajibiwa, na kiboko kilikuwa karibu, hakusema mara ya pili.

Chumvi ikala ndani. Sifa ikaganda nje, ikakamata mchanga wote wa Kivinje. Alhamisi, akida akikagua shamba la pamba, cheni ilikakamaa, ikakatika, naye akaruka juu ya usukani, kichwa kikaingia tutani, kanzu ikamfunika uso. Wapaliliaji wote waliiona miguu yake miwili myembamba ikipiga teke mbingu. Wakacheka. Kuanguka kungesameheka, kicheko hakikusameheka.

Kwa kosa la kuiroga cheni, Pazi akatiwa mnyororo wa shingoni, akaunganishwa na wafungwa wengine sita walioketishwa kwenye ukuta wa akida. Hukumu ni hamsa ishirini, Jumamosi alasiri, mbele ya bwana wa boma atakayekuja kutazama pamba. Viboko ishirini na tano, na Pazi alikuwa mgonjwa wa kifua. Mwahija alimjua mtu aliyepigwa hamsa ishirini mwezi wa Rajabu. Shaabani walimzika.

Na leo ndiyo Jumamosi.

"Shikamoo, akida," alisema Mwahija.

"Marahaba. Umekuja kulia?"

"Nimekuja kutengeneza baisikeli."

Akida alicheka mpaka kofia ikakaa upande. "Wewe? Mkamua mbarika?"

"Mimi, mkamua mbarika. Bwana wa boma anakuja. Utakwenda kumpokea kwa miguu, au tukubebe mgongoni kama mwali? Ikizunguka, mume wangu unamfungua."

Kicheko kikakatika. Akida akatazama jua. "Ikizunguka, namfungua. Wallahi."

Mwahija aliketi chini. Alikuwa akimuuzia mafuta ya mbarika Abdala, fundi wa cherehani, na kwa miaka sita alikuwa amemwona anavyohudumia mashine zake: kwanza safisha, kisha kausha, halafu mafuta kidogo, ndani tu. Aliazima kwake nyundo, msumari na mafuta ya taa. Akailoweka cheni. Akaisugua kwa makumbi ya nazi, pingili moja moja, na kila pingili aliipa jina la ndugu wa akida. Shangazi wa akida alikuwa na kutu nyingi sana, ikabidi asuguliwe mara tatu.

Pingili mbili zilikuwa zimekufa. Akazigonga zikatoka, akalegeza gurudumu la nyuma na kulisogeza mbele kidogo, maana cheni ilikuwa imefupika. Maji yaliyotoka ndani ya pingili yalikuwa meusi, yananuka papa. Akaianika cheni juani, akaikunja huku na huku mpaka ikalegea kama mkufu.

Kisha akafungua chupa yake. Ilikuwa ndogo, nayo ndiyo mbarika yote iliyombakia msimu ule, aliyoikamua kwa mikono yake, ya kuuza na ya kuharishia watoto. Akatia tone katika kila kiungo, akasubiri linywewe, akarudia mpaka chupa ikaisha, akafuta nje kwa kitambaa mpaka pakakauka.

"Mbona unafuta?" akida akauliza. "Mimi nataka ing'ae!"

"Inayong'aa kwa mafuta inakusanya mchanga. Mafuta ni ya ndani, akida. Nje ni ya macho ya wajinga."

Askari aliyesimama mlangoni akakohoa kuficha meno.

Akaizungusha cheni kwenye meno yake mbele na nyuma, ncha mbili zikakutana. Ilibaki parafujo moja ndogo ya kuziunga. Akida, kuona cheni imekaa, akajipangusa kanzu.

"Vizuri. Unga, nenda zako. Pazi atafunguliwa jioni, akishapata haki yake."

"Ulisema wallahi."

"Nilisema namfungua. Sikusema lini."

Hasira ilikuwa imempita Mwahija kimo, haikupata mlango wa kutokea. Aliiokota ile parafujo, akaitia mdomoni, akaiweka shavuni.

"Iteme!"

"Usinishtue, akida. Nikishtuka nitaimeza. Nikiimeza utaisubiri, na dawa ya kuharakisha, mbarika yote, nimeshaimwaga kwenye cheni yako."

Akida akainua kiboko. Mwahija akainua kidevu, koo likatangulia. Kutoka njia ya boma tarumbeta ikalia. Kiboko kilikaa juu kidogo, kikashuka.

"Mfungue!" akamfokea askari. "Mfungue yule mbwa!"

Mwahija hakutema mpaka alipomwona Pazi amesimama peke yake. Ndipo akaunga, akakaza, akageuza pedali kwa kidole. Cheni ikapita bila sauti. Akida akapanda, akaenda kumpokea bwana wake, mgongo wima kama mlingoti.

Wafungwa sita walibaki wameketi ukutani. Kipande cha mnyororo kilichokuwa cha Pazi kililala mavumbini katikati yao.

Mwahija na Pazi walishika njia ya kwenda Njinjo. Shingo ya Pazi ilikuwa nyama mbichi. Mwahija aliitikisa chupa ampake mafuta, hamkuwa na hata tone. Mafuta yote yalikuwa yamenywewa na chuma cha akida. Pazi alitembea ameinama, mkono mmoja umeshika hewa mbele ya koo, kama wafungwa wanavyoushika mnyororo kupunguza uzito.

"Shusha mkono, baba. Hakuna kitu hapo."

Akaushusha. Hatua kumi mbele, mkono ukapanda tena wenyewe.

Hapo Mwahija akaanza kutukana, kwa Kimatumbi, ambacho ni kipana zaidi kwa kazi hiyo. Alimtukana akida, akaitukana pamba, akawatukana waliovuka bahari kuja kuipanda. Pazi akamwomba ashushe sauti, watu wanasikia.

"Wasikie," akasema Mwahija, akazidisha.