Lebo Chini ya Mashine

Dakika kumi na nne. Mpiga chapa alizihesabu kwa saa ya ukutani, mikono kiunoni, huku kile kiduara cheupe kikizunguka katikati ya kioo kana kwamba kinalipwa kuzunguka. Kompyuta mpakato mpya, imetoka kwenye boksi Jumatatu, na kila ikizimwa na kuwashwa tena inajikokota namna hii.

"Asubuhi niliiwasha mbele yako, ikawaka mara moja," alisema fundi wa kompyuta, ameegemea mlango, anachezea funguo. "Tatizo si mashine, mama. Ni mkono."

"Mkono huu umechapa barua za ofisi hii tangu wewe unabebwa mgongoni, mwanangu."

"Ndiyo hivyo. Umezoea mataipureta."

Akacheka peke yake, akaenda zake. Damu ilimchemka mama wa watu. Miaka ishirini na mitatu hajarudishiwa barua kwa kosa la herufi moja, leo anaambiwa mkono. Tena hayakuwa maneno matupu. Mkuu wa ofisi alikwishakata shauri: keshokutwa ahamie stoo akagawe sabuni na mafagio, kiti chake apewe mtu anayeyaweza mambo ya kisasa. Na barua ya uhamisho huo, kwa kukosa haya, walimpa aichape yeye mwenyewe.

Aliichapa. Alipofika penye sahihi, mashine ikaganda. Akaizima, akaiwasha. Kiduara kikaanza tena ngoma yake.

Safari hii hakutazama saa. Aliinyanyua ampelekee mkuu ajionee kwa macho yake. Hakufika mlangoni, ilimuunguza viganja kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Akaipindua. Palepale penye matundu ya kutolea joto palikuwa na lebo ya mali ya ofisi, pana, ya karatasi ngumu, imekandamizwa pembe zote nne. Ndio utaratibu wao: kitu kipya hakitumiki bila lebo, na lebo hukaa chini, iwe kiti, iwe ndoo. Juu ya lebo, jina la aliyeibandika na sahihi yake: fundi yuleyule.

Kumbe asubuhi ikiwa baridi inakimbia. Ikishapata moto inakabwa koo. Mkono, eti.

Aliibandua kwa ukucha, polepole, isichanike. Akaiinua mashine juu ya vifutio viwili, akaiacha ipoe, akaiwasha upya. Nusu dakika haikutimia. Barua ilikuwapo, maana yeye huhifadhi kila mstari. Akaichapisha kwenye karatasi.

"Umebandua lebo?" Fundi alikuwa amerudi mlangoni. "Hilo ni kosa, mama. Mali ya ofisi hiyo."

"Sijaitupa. Nimeipatia mahali pake."

Alipita ubavuni mwake, mashine kwapani, barua mkononi, mpaka mezani kwa mkuu.

"Kabla hujatia sahihi, mkuu, izime mwenyewe uiwashe. Lebo iliyoziba matundu yake ya joto nimeibandua."

Mkuu aliizima, akaiwasha. Ilikuwa tayari kabla hajapata miwani yake. Akaivuta barua. Palipokuwa na jina la mpiga chapa pamebandikwa lebo, imeliziba lote, na jina lililosomeka ni la fundi.

Aliisoma mara mbili, kisha akapaza sauti kuelekea ukumbini:

"Fundi, hebu njoo hapa."