Sentimita Arobaini

Kwa miaka kumi na tisa msoma kipimo alishuka darajani kila asubuhi, akainama, akatazama maji yamefika wapi kwenye ubao wenye namba, akaandika. Magoti yalishaanza kumnung'unikia. Mito mitano inamiminika ziwani, na huu wake ndio mchafu kuliko yote. Milimani wamekata miti mpaka vilima vimebaki vipara. Mvua ikinyesha, udongo unateremka wote kwenda kulala chini ya ziwa. Ziwa halina pa kuuweka. Linapanda, linatambaa kuelekea majumbani, magugumaji yakiwa mbele kama wapambe.

Siku moja mchora ramani wa idara ya maji alimwita ofisini, akatandaza karatasi mezani, akakandamiza pembe zake kwa vikombe. Mstari mwekundu ulizunguka ziwa lote. Walio chini ya mstari wahame kabla ya mvua kubwa.

"Nyumba ya wifi yako imepona," alisema. "Kwa hatua kumi tu."

Wifi mwenyewe, mjane wa kaka yake, alikuwepo. Akapiga kigelegele mpaka vikombe vikatikisika. "Si nilisema! Wifi, leo nakusamehe hata ule uchoyo wako."

"Uchoyo gani?"

"Wa kucheka. Tangu nikujue hujafikisha mara tatu."

Hata sasa hakucheka. Alikuwa akitazama namba zake. Mwaka juzi mafuriko yaling'oa ubao wa kipimo. Fundi aliyeletwa aliogopa kuingia majini, akaupigilia ubao mpya juu zaidi kwenye nguzo ya daraja, sifuri ikakaa sentimita arobaini juu ya ile ya zamani. Alipomwambia, fundi akajibu, "Mama, si uwe unajumlisha tu?" Akajumlisha wiki mbili. Kisha akachoka. Akawa anaandika anachokiona, akingoja mtu aje kurekebisha. Hakuja mtu. Sasa mstari wa upande huu wote, uliochorwa kwa namba hizo, ulisimama juu ya uchovu wake.

Angenyamaza, nani angejua? Nyumba ile kaka yake aliifyatulia matofali kwa mikono yake, akafia humo.

"Ongeza arobaini," alisema.

"Arobaini nini?"

"Sentimita. Kila siku, tangu wiki ya tatu ya ubao mpya. Kosa ni langu."

Mchora ramani akavua miwani, akaivaa tena. Akapiga hesabu, akafuta mstari, akauchora upya nyuma ya nyumba ya wifi. Nyuma ya nyingine kumi na nne pia.

Wifi akasimama. "Wewe! Ungefunga mdomo ungepungukiwa nini?"

"Wewe. Ningepungukiwa wewe."

"Usiniletee mashairi hapa." Akatoka bila kuaga.

Siku tatu msoma kipimo hakumwona, wala hakuwa na nguvu za kumfuata. Ya nne, jua likiwa limeshapanda, alisikia teke mlangoni kwake. Wifi alikuwa amesimama na godoro kichwani, jasho likimtiririka.

"Usinisemeshe," alisema. "Na upande wa dirishani ni wangu."

Msoma kipimo akalipokea godoro. Lilikuwa limelowa upande wa chini, linanuka ziwa. Wakalibeba wawili hadi uani na kuliegemeza ukutani likauke, kila mmoja ameshika pembe yake.