Shamsia na Mzani wa Televisheni

Siku Shamsia aliporudi kutoka kambini, mtaa mzima wa Mwembesongo ulimpokea kwa vigelegele, isipokuwa mumewe. Hamza alisimama mlangoni pa duka lake la vipuri vya pikipiki, akamtazama mwanamke anayeshuka kwenye bajaji, akajiuliza mbona huyu mgonjwa hakushikwa mkono.

Shamsia alikuwa mnene tangu walipooana, na baada ya uzazi wa tatu akazidi. Magoti yalimsumbua, presha ilipanda, na nesi wa zahanati alikwishamwambia apungue taratibu: apunguze vitumbua, atembee jioni, ameze vidonge vyake. Ushauri huo haukuwa na muziki wala mwanga wa rangi, kwa hiyo haukumvutia mtu. Kisha likaja shindano la televisheni liitwalo Kilo Kwaheri. Watu wanene waliwekwa kambini, kwenye nyumba moja Dar es Salaam, wakakimbizwa, wakafokewa na kocha, wakapimwa kila wiki mbele ya kamera. Aliyepungua kidogo alirudishwa kwao. Atakayepungua kuliko wote angepewa gari. Shamsia aliomba, akachaguliwa, na kila Jumatano majirani walijazana sebuleni kwa Hamza kumtazama mkewe akilia juu ya mzani.

Sasa walibaki washindani watatu. Walikuwa wamerudishwa makwao kusubiri fainali, na huko kila mmoja aendelee kupungua mwenyewe.

"Baba Rehani, mbona hunipongezi?" Shamsia aliuliza majirani walipotawanyika. Rehani ni mtoto wao wa kwanza.

"Nakupongeza. Kaa ule."

"Nimeshakula."

"Umekula nini?"

"Yai."

"Yai na nini?"

"Jamani, Baba Rehani! Yai."

Kesho yake Hamza alikuta chanuo limejaa nywele utadhani kuku kanyonyolewa. Alipomwonyesha, Shamsia alisema ni maji ya Dar hayakumkubali. Alipomwambia meno yake yamekuwa makubwa usoni, alisema huo ni wivu. Mchana, jua likiwaka, alivaa koti la nailoni la mvua juu ya sweta akakimbia mpaka Kola na kurudi, na watu barabarani wakampigia makofi. Mzani aliopewa na watu wa kipindi aliuweka chumbani upande wake wa kitanda. Aliupanda akiamka, akaupanda akitoka chooni, akaupanda hata baada ya kutema mate.

Alipoanguka bafuni, Hamza aliona imetosha, akampigia simu kocha.

"Mzee wangu, usitishike," kocha alisema kwa furaha. "Kizunguzungu ni mafuta yanaaga. Mwili ni mwongo, ukiusikiliza hautakuacha ufike popote."

"Ameacha vidonge vya presha."

"Si unaona? Hata vidonge havihitaji tena!"

Hamza aliitazama simu kama mtu aliyeuziwa betri mbovu. Hakuna aliyetaka kumsikia. Mama mkwe alikuwa ameshatabiri rangi ya gari. Wateja walikuja dukani kununua breki wakaishia kumuuliza fainali lini. Hata imamu, baada ya swala ya Ijumaa, alimshika bega akamwambia ana mke mwenye subira.

Akabaki mtu mmoja. Kwa Waluguru neno la mume linaweza kupingwa, lakini la mjomba wa mke ni zito. Hamza alipanda pikipiki mpaka Mlali, kwa mzee Mikidadi, kaka wa mama yake Shamsia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mkwe. Karibu. Vipi mwanangu?"

"Huyo ndiye aliyenileta. Mjomba, anakwisha. Hali, halali, anaanguka bafuni. Mimi hanisikii. Wewe ukimkataza ataacha."

Mzee Mikidadi alifikiri, kidevu kikiwa juu ya fimbo yake. "Hiyo fainali," alisema mwishowe, "inaonyeshwa nchi nzima?"

"Ndiyo, mjomba, lakini—"

"Hata Dodoma?"

"Hata Dodoma."

"Basi wasije wakampiga picha huko mjini katikati ya vyuma vyako. Waje huku kwetu, wapande milimani, kwenye asili yake. Na mimi nitavaa kanzu."

Hamza aliondoka na mkungu wa ndizi na jibu ambalo silo alilolifuata.

Mjomba mwenyewe ndiye aliyewapigia simu watu wa kipindi, nao wakaona wazo zuri mno. Wiki iliyofuata akaja mtayarishaji aitwaye Happiness, dada mchangamfu asiyemaliza sentensi bila kutazama simu yake, pamoja na mpiga picha. Walitaka Shamsia apande njia ya mlimani kule Mgeta akiwa na tenga la karoti kichwani, kama alivyofanya utotoni.

"Utotoni alikaa Mlali, bondeni," Hamza alisema. "Akiwa darasa la tatu wakahamia mjini. Hajawahi kubeba karoti mlimani hata moja."

"Kaka, watazamaji wanapenda kuona mtu alikotoka."

"Hakutoka huko!"

"Baba Rehani, usinitie aibu," Shamsia alisema kwa sauti ya chini. Midomo yake ilikuwa imepasuka, maana siku hiyo alikuwa hajanywa maji.

Njia ya Mgeta ni mwinuko mtupu. Wakulima wenyewe huipanda wakipumzika. Shamsia aliipanda mara ya kwanza, Happiness akasema jua limeingia kwenye kamera. Akashuka, akapanda tena, mbuzi akakatiza. Akashuka tena. Mara ya tatu mzee Mikidadi, kanzu yake imenyooshwa ikanyooka, alitokea kichakani akasimama mbele ya kamera kuwasalimu wananchi wa Dodoma.

"Mjomba, tafadhali!" Happiness alilalamika. "Turudie."

Hawakurudia. Shamsia alikaa chini, taratibu, kama anayetua mzigo wa mayai. Tenga likaanguka, karoti zikateremka mlimani. Alishika ubavu wa kulia chini ya mbavu, akajikunja, akatapika maji ya njano. Hamza alimfikia akamkuta jasho lake ni la baridi.

"Kunauma tangu lini?"

"Tangu kambini," Shamsia alinong'ona. "Huja na kuondoka. Baba Rehani, leo hakuondoki."

Nyuma yao Happiness alimwambia mpiga picha, "Usizime."

Hapo akapanda mama mmoja aliyekuwa akiosha karoti mferejini, Veronika, mikono ikitiririka maji. Alivua kitenge chake cha juu akakitupa juu ya kamera.

"Zima hicho kitu! Mwenzenu anakufa, nyie mnapiga picha? Yesu na Maria!"

"Mama, haya ndiyo maisha yake halisi, watu wanataka kuyaona—"

"Na wewe ukiharisha nije nikupige picha?"

Gari la watu wa kipindi walikuwa wameliacha mbali chini. Veronika alisimamisha fuso lililokuwa likiteremka na kabichi za kwenda Dar, akamfokea dereva mpaka akampa mgonjwa kiti cha mbele. Njia nzima mpaka mjini, kona baada ya kona, Shamsia alilala mapajani mwa mumewe akiuma ukingo wa mtandio. Hamza alishangaa wepesi wake. Alikuwa na hasira na kila mtu, mpaka na dereva aliyekuwa akiwasaidia.

Hospitalini Shamsia aliwekewa dripu, akapigwa picha ya tumbo, kisha wakaelezwa na daktari wa kike, Catherine, aliyezungumza bila haraka.

"Ana mawe kwenye mfuko wa nyongo. Mtu mnene anaweza kuyapata hata bila kufanya lolote, lakini anayepungua kwa kasi hii anajiweka karibu nayo zaidi. Mafuta yanayeyuka kwa pupa, chakula hakiingii, nyongo inakaa pale pale haitoki, inaganda. Tena maji na chumvi za mwili vimepungua mno. Moyo ungeweza kusimama huko mlimani. Huko kambini mlikuwa mnapimwa na daktari?"

"Tulipimwa uzito," Shamsia alijibu.

Daktari alishusha kalamu. "Kupungua si kosa, mama. Presha yako leo iko chini kuliko ninavyotarajia kwa mtu aliyeacha dawa, ingawa sehemu ni kwa kukosa maji. Magoti nayo yamepata nafuu. Ila mtu hupungua kwa miezi na miaka, huku anakula. Kile kipindi kinataka kumaliza kabla ya matangazo."

"Umesikia?" Shamsia alimgeukia mumewe. "Amesema magoti yamepata nafuu."

Hamza alitoka nje kabla hajapasua kitu.

Upasuaji ulifanyika, ukaenda salama. Shamsia alikuwa bado wodini Happiness alipopiga simu. Hakuuliza sana hali. Aliuliza kama wanaweza kuja kumpiga picha kitandani, na kama fainali atapandishwa mzani akiwa kwenye kiti cha magurudumu. "Watu watalia, dada. Gari lako hilo!"

"Nitakuja," Shamsia alisema.

"Haendi popote!" Hamza alipiga kelele mpaka nesi akaja kumnyamazisha.

Waliacha kuzungumza. Hamza alileta mtori wa ndizi, akaketi, akaondoka. Ilikuwa siku ya tatu ya kununiana hivyo alipomkuta mkewe analia, simu mkononi. Alikuwa amezungumza na Martina, mshindi wa msimu uliopita. Alimtafuta amuulize namna ya kupunguza kilo za mwisho mtu akiwa na kidonda.

"Martina amerudi alivyokuwa," Shamsia alisema. "Amezidi hata. Anasema anakula nusu ya tunachokula sisi na bado ananenepa, mwili umegoma. Akitoka nje watu wanampiga picha wanacheka. Watu wa kipindi hawapokei simu zake. Gari amelifungia uani, anaogopa kuonekana ndani yake." Akafuta machozi. "Kaniambia, 'Mdogo wangu, kaa kitandani upone.' Siendi, Baba Rehani."

"Mimi nimesema hayo hayo tangu ulipotoka kambini."

"Wewe ulikuwa unafoka."

"Daktari hakufoka!"

"Daktari hajapanda mzani ule. Martina ameupanda."

Fainali ilionyeshwa bila yeye. Alishinda mwanamume wa Mwanza aliyetolewa jukwaani akiwa ameshikiliwa mabega na watu wawili, huku muziki ukichezwa. Mzee Mikidadi, ambaye picha yake haikuonyeshwa hata kidogo, aliitisha kikao cha ukoo na kumlaumu Hamza kwa kuwanyima gari. Mama mkwe hakumsalimu mwezi mzima. Majirani waliokuwa wakijazana sebuleni sasa walimtazama Shamsia akirudisha mwili kidogo kidogo, wakaanza kuulizana kwa sauti ya kusikika kama vipindi vile si vya uongo.

Shamsia alirudi kwa nesi wa zahanati na kwenye vidonge vyake. Jioni alitembea na mumewe mpaka mtoni na kurudi, akila njiani parachichi alilokatazwa na kocha. Alinenepa kidogo, akapungua kidogo, na nywele zikaanza kuota laini kama za mtoto. Kwa mara ya kwanza aliweza kuswali bila kuomba kiti.

Jioni moja, akiwa na mumewe, alisimamishwa njiani na Mwanvita, bibi harusi mtarajiwa wa mtaa wa pili, aliyetaka kujua habari za kambini. Shamsia alimweleza yote bila kuficha: njaa, nywele, maumivu, kisu cha daktari, Martina na gari lake. Alieleza mpaka akachoka kusimama, akafunua upande wa dera akamwonyesha na makovu. Mwanvita alisikiliza kwa huruma kubwa, akatikisa kichwa, akasema pole sana dada.

"Ila," akaongeza, "namba ya yule kocha bado unayo?"

Shamsia alimtazama mumewe. Hamza alikuwa ameshageuka, mikono kichwani, anaelekea nyumbani peke yake.

"Hebu kaa hapa chini," Shamsia alimwambia Mwanvita, akamvuta mkono, wakaketi kwenye ukingo wa mtaro. "Tunaanza upya."