Mwenye Januari

Saa mbili asubuhi, benchi la nje ya ofisi ya vitambulisho mjini Garissa lilikuwa limejaa, na wote waliolikalia walikuwa wamezaliwa Januari mosi. Ndivyo karani alivyowaandika. Mama mmoja, Barni, alikuwa amemweleza kwamba binti yake, Sirad, aliyekaa kando yake, alizaliwa kijijini Buna, siku ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu. Karani alisema kompyuta haina mahali pa mvua.

Mzee mmoja alishuka kwenye tuktuk. Alikuwa na nyuso mbili, mmoja mbele na mwingine kisogoni. Barni alisogea.

"Kaa, adeer," alisema, akimwita ami kwa Kisomali, akammiminia chai ya maziwa. Uso wa nyuma nao ulitaka, akaumiminia kikombe cha pili.

Mzee alijitambulisha. Alikuwa Jano, bwana wa milango wa Roma ya kale, na Januari ilipata jina kutokana na lake. Alisema Julai ni ya Julio na Agosti ni ya Augusto, watawala wa kwao waliotukuzwa kwa miezi kwa sababu ya ubabe. Yeye hakumtisha mtu. Sasa alikuwa amesikia kwamba nusu ya Garissa imezaliwa siku yake, akaja kuwaona wanawe.

"Basi saidia huyu moja," Barni alisema. "Chuo ya manesi inangoja yeye mbaka Januari iishe. Kama hana kitambulisho, nafasi inaenda kwa mtu ingine."

Tatizo lilikuwa vidole. Sirad alipokuwa mtoto wa miaka sita, ukame ulimaliza mifugo yao yote. Barni alimpeleka Dadaab, wakajiandikisha kambini pamoja na wakimbizi ili wapate unga. Mwenye njaa hana miiko. Unga uliliwa ukaisha, alama za vidole zikabaki, na tangu hapo serikali inamhesabu Mkenya huyu kuwa mkimbizi. Ni upuuzi mtupu, na upuuzi huo umepigwa mhuri.

Jano aliingia ofisini. Uso wake wa nyuma, ule unaoona yaliyopita, ulisema, "Nilimwona akizaliwa. Ilikuwa Buna, na mvua ilikuwa ikinyesha."

"Una kitambulisho?" karani aliuliza.

Hakuwa nacho.

"Basi huwezi kuwa shahidi. Huyu atahojiwa na kamati. Kamati inakaa Februari."

Jano alikasirika kwa nyuso zote mbili. Alirudi benchini, akasema Januari haitaisha mpaka mtoto huyu apate haki yake. Ikawa hivyo. Baada ya tarehe thelathini na moja ikaja thelathini na mbili. Wenye nyumba wa mtaa wa Waberi walilalamika kwamba kodi haifiki, na walimu waliendelea kukopa sukari dukani wakingoja mwisho wa mwezi. Karani aliandika tarehe arobaini bila kuinua macho. Chuo kiliendelea kumshikia Sirad nafasi.

Sirad alirudi dirishani.

"Kamati inakaa Februari," karani alisema. "Februari haijafika."

Sirad alitoka akasimama mbele ya mzee. 

"Adeer, achilia mwezi uende. Hawa wanaweza kungoja miaka mia. Mimi siwezi."

Jano aliuachilia. Februari iliingia alfajiri, na kabla ya saa nne chuo kilikuwa kimempa mwingine ile nafasi. Mchana kamati ilikaa. Ilimuuliza Sirad jina la babu wa babu yake, naye akalitaja, pamoja na majina mengine saba nyuma yake. Kamati ilisema vidole bado ni vya mkimbizi, na uchunguzi utaendelea. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Mwenyeji wa hapa hakupona.

Jano aliona heri naye achukue kitambulisho, ili siku nyingine akubaliwe kuwa shahidi. Karani alimuuliza tarehe ya kuzaliwa. Mzee alisema alizaliwa kabla siku hazijaanza kuhesabiwa. Karani aliandika Januari mosi, akamwambia achague uso mmoja wa kupigwa picha, kisha arudi Jumatatu.

"Usiwape vidole, adeer," Sirad alisema kutoka mlangoni.

Mzee alikuwa ameshavitoa. Alikuwa amesimama kando ya meza, akifuta wino kwa ncha ya kikoi.