Ndama Asiye na Jina

Kwetu sheria zilikuwa chache, maana baba hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini moja haikuwa na mjadala: mnyama wa kuuzwa hapewi jina. Ng'ombe wa maziwa walikuwa na majina. Maksai mzee aliyevuta mkokoteni wetu alikuwa na jina, Fundi, na alilijua vizuri kuliko alivyoijua kazi yenyewe. Hata jogoo alikuwa nalo, ingawa siwezi kulitaja mbele za watu. Lakini ndama dume akizaliwa aliitwa "huyo", na "huyo" alibaki mpaka siku gari la bucha lilipopiga honi getini.

"Ukishampa jina umejitafutia kilio," baba alisema, kisha akarudi kwenye koleo lake.

Nilimwona ana roho ngumu. Nilikuwa na ule umri ambao mtu anajua kila kitu, na nilikuwa nimeshamjua baba, nikammaliza. Alizaliwa peke yake kwao, bila kaka wala dada, shamba lote likamwangukia yeye, na niliamini ndiyo sababu aliongea na majembe kuliko watu. Ajabu ilikuwa kwa bibi, mama yake. Bibi alikuwa na la kusema juu ya kila jambo chini ya jua, lakini sheria ile ikitajwa tu, alianza kutafuta miwani yake. Miwani ilikuwa kichwani.

Mwaka ule ng'ombe wetu mkubwa, Madamu, alizaa dume jekundu lenye doa jeupe puani, kama mtu aliyechungulia sufuria la uji karibu mno. Madamu akavimba chuchu, akawa hataki kuguswa wala kunyonywa, na ndama ikabidi alelewe kwa ndoo. Sasa, ndama hajui ndoo. Yeye anajua kuinua kichwa anyonye. Kuinamisha kichwa anywe ni somo jipya. Unachovya vidole viwili kwenye maziwa, unampa avinyonye, unashusha mkono taratibu mpaka mdomo wake unazama ndooni, halafu unavitoa vidole kijanja. Atakupigia chafya, atakulowesha, atakukanyaga, na utamtukana. Kisha siku moja anaelewa, na wewe unatembea siku nzima kama umefaulu mtihani.

Tuligawana zamu. Mama asubuhi, mimi nikitoka shule, kaka yangu jioni. Bibi hakuna aliyempa zamu, akajipa mwenyewe: alipita zizini na maganda ya viazi kwenye aproni, akidai anakwenda kuangalia kuku, ambao walikuwa upande wa pili wa nyumba. Baba alifagia zizi alfajiri, sisi tukiwa bado tunagombania shuka, na hatukujua alichofanya huko zaidi ya kufagia.

Mimi nilimwita Waziri. Alitembea tumbo mbele, akitazama kila kitu kana kwamba amekuja kukizindua. Nilimwita sikioni tu, taratibu. Sheria ilikuwa imekataza jina. Haikusema lolote kuhusu kunong'ona. Nilimpenda yule ndama vibaya sana. Akinisikia njiani na mkoba wa shule alilia, nami nilikimbia, na kila siku nilikuwa nimemkatia majani mabichi kando ya barabara nikayasukumiza juu ya madaftari. Mwalimu aliniuliza kwa nini hesabu zangu zina rangi ya kijani. Nilisema ni wino.

Kiangazi kilipokaribia, baba aliingia ghalani, akayatazama majani makavu yaliyorundikwa, akatoka. Wakati wa chakula alisema, "Majani yaliyopo yanawatosha wanaotoa maziwa na anayevuta mkokoteni. Mizani atakuja Jumamosi."

Mizani ni mwenye bucha. Alipewa jina hilo kwa kuwa alikadiria uzito kwa macho tu, na macho yenyewe hayakuchagua. Hata watu aliwapima, na ndiyo maana mama hakupenda kusalimiana naye akiwa amemgeuzia ubavu.

Nilisukuma sahani yangu kando. "Baba, kwani hawezi kufundishwa kuvuta mkokoteni?"

"Fundi yupo."

"Fundi anapumua kama baiskeli iliyopasuka tairi!"

"Fundi yupo," baba alirudia, na ikawa basi. Kaka aliikodolea macho sahani yake. Mama aliinuka kwenda kuleta chumvi, na chumvi ilikuwa mezani. Bibi alitafuta miwani. Nilijiambia kwamba katika nyumba ile mwenye moyo nilikuwa peke yangu, nikaenda kulala na hasira zangu.

Jumamosi Mizani alifika na pikapu yake mchana, akashuka, akampima bibi kwa jicho moja na mlango wa zizi kwa jingine. Baba alimfunga ndama kamba, akampa kaka amshike. Nilisimama kwenye ngazi za jikoni nikiwa nimeuma kola ya gauni. Nilikuwa nimeapa sitalia, na mpaka hapo kiapo kilikuwa kinashika.

Mizani akafungua mlango wa nyuma wa pikapu. Ulianguka kwa kishindo cha bati. Ndama aliruka, kamba ikamponyoka kaka, na kabla hatujafumba mdomo alikuwa amekatiza ua, amepita chini ya kamba ya nguo, na amezama kwenye mahindi.

Mahindi yalikuwa yamekauka yakisubiri kuvunwa, marefu kumpita baba. Ukiingia humo hakuna anayekuona, wala wewe humwoni mtu. Unasikia majani yakikwaruzana tu.

"Tawanyikeni," baba alisema. "Kila mtu na mstari wake. Asipatwe na hofu akafika barabarani."

Tukaingia wote, hata bibi na fimbo yake. Mimi nilitembea nikiwaza jambo moja: nikimpata wa kwanza, nitamfukuza aende mbali zaidi. Nilipokuwa katikati kabisa, nikaanza kumwita kwa sauti ndogo. "Waziri! Waziri, njoo kwangu."

Upande wa kushoto nikasikia kaka akinong'ona, "Injini! We Injini, acha utani bwana."

Nikasimama. Injini? Kaka huyu huyu aliyekuwa akisema ng'ombe wote ni sawa, ni matairi manne na pembe?

Mbele kidogo sauti ya mama ikaja, laini, ile ya kuwabembeleza wageni wale zaidi. "Shemeji. Shemeji yangu, njoo basi ule." Baadaye alijitetea kwamba ndama yule alitokea kila chakula kinapoiva na hakuwahi kusaidia kazi, kwa hiyo jina lingine lingekuwa uongo. Na tena, alisema, aliolewa na mtu asiye na ndugu. Shemeji hakupewa, akajitafutia.

Nyuma yangu bibi hakunong'ona hata kidogo. "Mjukuu! Mjukuu, toka humo utachafuka!"

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Nyumba nzima ilikuwa inavunja sheria, kila mtu kwenye mstari wake. Nikakaza masikio kusikia kama ndama atamwitikia yeyote kati yetu. Hakuja kwa Waziri, wala kwa Injini, wala kwa Shemeji, wala kwa Mjukuu.

Ndipo nikasikia sauti nyingine, chini sana, kutoka mwisho wa shamba kule kwenye ua wa miiba.

"Mwenzangu. Njoo, Mwenzangu. Ni mimi."

Majani yakapasuka pembeni yangu. Ndama alinipita karibu kiasi cha kunipiga na mkia, hakunitazama hata kidogo, akaenda moja kwa moja kule iliko sauti. Nilimfuata. Nikayasogeza mahindi kwa mikono, nikamwona baba amechuchumaa kwenye vumbi, amenyoosha vidole viwili, na ndama anavinyonya kama siku ya kwanza ya ndoo. Mkono mwingine wa baba ulikuwa shingoni kwake. Baba alikuwa amefumba macho.

Bibi akatokea nyuma yangu akihema. Baba alipolitamka tena lile jina, aliishika fimbo kwa mikono miwili.

"Kumbe bado unalikumbuka," alisema.

Baba akafumbua macho. "Mama, watoto wapo."

"Wasikie tu." Na bibi, ambaye sikuwahi kumsikia akitafuta maneno, aliyatafuta. "Baba yenu alikuwa mdogo kuliko wewe," aliniambia. "Hakuwa na wa kucheza naye. Likazaliwa dume kama hili, akaliita Mwenzangu. Akila, anakula nalo. Akitoka shule, mkoba umejaa majani. Siku moja babu yenu akaliuza yeye akiwa shule. Tuliona ni bora asishuhudie. Alirudi, akasimama zizini, hakutuuliza kitu. Akayamwaga yale majani pale pale kwenye hori tupu, akaingia ndani."

Mama na kaka walikuwa wamefika.

"Tangu siku hiyo hakumpa jina mnyama wa kuuzwa," bibi alisema. "Tulikosea, mwanangu. Tungekungoja urudi. Babu yao alilijua hilo mpaka anakufa, ila hakuwa mtu wa kusema. Nami sikusema."

Baba akasema, "Umesema, Mama. Yameisha." Akavitoa vidole mdomoni mwa ndama, akavifuta kwenye suruali, akawa baba tena.

Tulitoka kwenye mahindi kwa msafara, ndama katikati, bila mtu kushika kamba. Mizani alikuwa ameegemea pikapu, amekunja mikono. Shamba la mahindi makavu halifichi sauti kama linavyoficha watu.

"Mimi niliambiwa kuna ndama mmoja," alisema. "Nimesimama hapa nimehesabu Waziri, Injini, Mjukuu, na shemeji wa mtu. Sasa nichukue yupi?"

"Leo hakuna wa kuchukua," baba akajibu. "Nisamehe kwa usumbufu, ndugu yangu. Huyu atafundishwa mkokoteni. Fundi amechoka."

Nilimtazama baba. Mwaka mzima hakuna aliyeruhusiwa kusema Fundi amechoka.

"Basi nimchukue huyo Fundi," Mizani akasema, macho yakianza kufanya kazi.

"Huyo pia ana jina."

Mizani akacheka mpaka akashika mbavu, akafunga mlango wa pikapu taratibu safari hii, akatuambia kwamba familia kama yetu ndiyo inayomkondesha. Mama alimfungia mayai ya njiani, lakini alimpa akiwa amemwelekea uso kwa uso.

Chakula cha jioni kilikuwa vita. Kaka alisema maksai wa mkokoteni lazima aitwe Injini, hiyo haihitaji kura. Bibi akasema yeye ndiye mkubwa. Mimi nililia nikicheka, nikasema naacha Waziri, nalichagua la baba. Baba alisema tu kwamba kiangazi hiki majani hayatatosha, kwa hiyo kila mtu atakata mabichi popote atakapoyaona, na aliposema hivyo alinitazama mimi na mkoba wangu.

Jumatatu nilitoka shule nimejaza mkoba mpaka haufungi. Nilipokaribia nyumbani nilitega sikio, na ndama hakulia. Najua baba alikuwa ametoa neno lake, na neno la baba halikuwa la kuyumba, lakini miguu yangu haikulijua hilo. Nilikimbia. Nikapita geti, nikapita kamba ya nguo.

Baba alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi, saa ambazo siku zote huwa shambani. Nyuma yake Mwenzangu alikuwa amelala kwenye majani makavu, amelala fofofo, tumbo likipanda na kushuka.

"Yupo," baba akasema, kabla sijauliza. "Nimekungoja nikwambie."

Kisha akaupokea mkoba, akaufungua, akanipisha nipite nikayamwage mwenyewe.