Uso wa Kwanza

Fundi wa makochi waliyemwita Baridi hakuwa mtu wa haraka, hata kidogo. Ukimpelekea kochi lako leo, utalifuata msimu mwingine, na bado atakukaribisha ukae, mpige soga, akuulize habari za watoto mmoja mmoja. Nani angemkasirikia? Mtaa wote ulikuwa hivyo hivyo. Lakini wapange foleni, au wape usukani! Jamani, watu wale wale wapole wanapandwa na mashetani, na Baridi ndiye wa kwanza kupandwa.

Siku hiyo dada yake alimpigia simu. "Kaka, tumeshatoka hospitali. Daktari kasema bandeji ya macho tuitoe tukifika nyumbani. Na mama mwenyewe kasema, uso wa kwanza anaotaka kuuona ni wako."

Mama alipopofuka, Baridi alikuwa kijana mwembamba, hana hata ndevu. Miaka yote hiyo mama alimjua kwa sauti, ile sauti yake ya taratibu. Baridi akaacha sindano ndani ya kitambaa, akafunga karakana, akaingia garini huku moyo ukimwenda mbio.

Barabarani jua la alasiri lilikuwa limelegea. Vumbi la dhahabu lilining'inia hewani, halitui. Magari yalisogea kidogo, yakalala, yakasogea tena. Baridi akawa kama anaota: chumba cha mama, pazia limefunguliwa, mikono ya dada ikikunjua bandeji polepole, na uso wa mama ukiutafuta wa kwake. Ndani ya ndoto hiyo alikuwa anatabasamu.

Honi ya nyuma ikamgutua. Mbele yake teksi moja ilikuwa inajikongoja, inakwepa kila kijishimo utadhani imebeba mayai. Nafasi ipo, haiendi. Loo! Damu ikamchemka. Akapiga honi, akaipiga tena, akaikandamiza bila kuiachia. Teksi wala haikujali. Akachomoka mstarini, akapanda ukingo wa barabara, akaja ubavuni mwake na kutoa kichwa nje. Hakuangalia nani kakaa nyuma. Alimwona dereva tu.

"Wewe! Unaendesha gari au unabembeleza mtoto? Toa hilo kopo lako njiani! Watu tuna mama zetu wanatusubiri!"

Sauti ilimtoka kali, imepasuka. Sauti hiyo hakuwahi kuingia nayo nyumbani.

Kwenye kiti cha nyuma, bibi mmoja aliyefungwa bandeji machoni alishtuka, akadhani wamegongwa. Akaiinua bandeji kwa mkono wake mwenyewe, akageukia dirisha lililo wazi.

Mdomo wa Baridi ulikuwa ungali wazi, mishipa ya shingo imemtoka. Kelele zote za barabara zilimpotea masikioni. Macho ya mama yalikuwa safi, yanang'aa, na yalimtazama vizuri: ndevu za mvi, jasho, meno. Pembeni yake dada alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Baridi alitaka kusema neno. Aibu ikamzuia. Alijua akitamka lolote, mama ataijua sauti yake ya nyumbani.

Mama akamtabasamia kwa adabu, tabasamu la kumpa mgeni. Kisha akamgusa dereva begani.

"Mpishe, mwanangu. Huyu baba naona ana shida kubwa."

Teksi ikasogea pembeni, njia ikawa nyeupe.

"Pita, baba," mama akamwambia.

Na Baridi, machozi yakimlengalenga, akapita.