Kutoka Melbourne Kabla ya Swala ya Ijumaa

Shemeji yangu Abdulkadir hajawahi kupanda ndege, lakini hilo halijamzuia kutufundisha habari zake. Ana duka la nguo karibu na msikiti wa Majengo, na kila jambo la ukoo wetu lazima lipite kwenye kaunta yake kwanza.

Binti yangu Aaliya alipochumbiwa na mwalimu Khisa, kijana wa Bungoma aliyesilimu mwaka jana, Abdulkadir alikunja uso. Ati huyo hana watu hapa Nyeri, nani anamjua? Mume wangu ni marehemu, kwa hiyo wa kumwozesha Aaliya ni kaka yake, Jamal, na Jamal asipokuwepo ndipo zamu ya ami yao, Abdulkadir huyohuyo. Jamal anauguza wazee huko Melbourne. Naye Khisa alikuwa amehamishiwa Lodwar, aondoke Jumamosi, na Aaliya alitaka kuondoka naye akiwa mke wake.

Sheikh alisema Jamal anaweza kumpa mtu uwakala kwa simu. Abdulkadir akakataa kabisa. Simu haitamwozesha mtoto wa ndugu yake. Kama Jamal hayupo, walii wa kumwozesha ni yeye, na jibu lake tulilijua.

Jumatano nikaenda dukani na Aaliya kumwambia kwamba Jamal amepata tiketi: anaondoka kesho alasiri, anatua Nairobi Ijumaa alfajiri. Abdulkadir akacheka mbele ya wateja.

"Mwanaisha, usinidanganye. Hiyo ni kilomita zaidi ya elfu kumi na moja. Akienda alitoka hapa Jumatatu usiku akafika Jumatano. Sasa ati arudi na usiku moja? Akikuwa hapa kabla ya swala ya Ijumaa, mimi mwenyewe nitakuwa shahidi ya hiyo nikahi. Asipofika, walii ni mimi, na nikahi hakuna."

Aaliya akafungua mdomo amweleze. Nikamfinya mkono. Safari ni ileile, karibu siku nzima kwenda na karibu siku nzima kurudi. Ila Melbourne kunapambazuka sisi tungali usingizini; ukienda huko unapoteza saa, ukirudi unarudishiwa zote. Hilo angeelezwa na mtu mwingine, si mimi. Nilimwomba tu arudie maneno yake mbele ya sheikh, naye akaenda akayarudia, tena kwa madaha.

Ijumaa sikuweza kula. Ndege ilitua salama, lakini kutoka Nairobi hadi Nyeri ni mwendo, na adhana haimngoji mtu. Nilikoroga pilau nikichungulia barabara. Jamal akichelewa, nitakuwa nimemfungia binti yangu mlango kwa ujanja wangu mwenyewe.

Abdulkadir alipoingia msikitini alimkuta Jamal safu ya mbele, macho mekundu, koti la safari bado mwilini. Nasikia alisimama pale mlangoni mpaka watu wakamwomba awapishe.

Baada ya swala, sisi wanawake tulisogea karibu na pazia. Jamal akamshika Khisa mkono, akamwozesha dada yake, na Khisa akakubali. Sheikh akawageukia mashahidi. Nikadhani shemeji atakataa.

"Nimeshuhudia," akanong'ona.

Sheikh akamwomba apaze sauti, wanawake nao wasikie.

"Nimeshuhudia!"

Nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Aaliya alinikumbatia akilia na kucheka kwa pamoja, nami sikuona haya hata kidogo.